Shaba ya waya na shaba ya mrututu

Waya wa shaba unapitisha umeme, mrututu mkavu haupitishi. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu hapa Moshi atakuambia hivyo, maana ameliandika kwenye daftari na amelikariri. Kinachomkwamisha ni swali linalofuata: mbona ndani ya mrututu nako kuna shaba? Fuwele ya bluu ya mrututu, yaani salfeti ya shaba, karibu robo ya uzito wake ni shaba, ile ile ya kwenye waya wa taa. Imekuwaje huku ipitishe umeme kwa wepesi namna ile, na kule igome kabisa?

Nimefundisha kemia miaka mingi na sijapata swali jingine linalomfumbua mtoto macho kama hili. Walimu wengi huanza na chumvi ya mezani, na si vibaya. Mimi naanza na mrututu kwa sababu watoto wa Kilimanjaro wanaujua kutoka nyumbani, na kwa sababu rangi yake inatusaidia kuona ambacho chumvi ingekificha.

Nami niliujua kabla sijajua kusoma. Kwetu ni Kibosho, kwenye kihamba cha migomba na kahawa. Msimu wa kupiga dawa ukifika, baba alikuwa analoweka mrututu usiku kucha kwenye ndoo ya plastiki. Debe la bati lilikuwa mwiko. Asubuhi anachanganya na maji ya chokaa, dawa inakuwa nzito ya samawati, tayari kwa bomba la mgongoni kwenda kupambana na kutu ya majani na chulebuni, magonjwa ya kahawa. Lakini kabla ya kujaza bomba alichukua kisu, akakisugua kwa mchanga mpaka kikang'aa, akakitumbukiza kwenye dawa, akasubiri kidogo. Kikitoka na wekundu kwenye makali ananiambia, "Mama, lete chokaa tena." Kikitoka kama kilivyoingia, dawa iko sawa, haitaunguza majani. Kipimo hicho alikirithi kwa wazee waliomtangulia. Kemia ya kisu kile nitaifikia, maana yote ninayotaka kusema yamo ndani yake.

Kwanza waya. Ndani ya kipande cha shaba kila atomi imeachia takriban elektroni moja, chembe ndogo yenye chaji hasi, ikawa ya wote. Elektroni hizo hazina mwenyewe. Zinazurura katikati ya atomi zilizojipanga safu kwa safu. Ukiunga betri, zote zinasukumwa upande mmoja. Atomi zenyewe hazihami. Zinatetemeka tu pale zilipo.

Watoto hudhani elektroni zinakwenda mbio za ajabu kutoka kwenye betri hadi kwenye taa. Huwa nawafanyia hesabu ubaoni. Waya wa milimita 1.5 za mraba, ule ambao mafundi wanautumia kwa taa za nyumba, ukibeba mkondo wa betri wa ampea 1, elektroni zake zinasogea kwa wastani sentimita 18 hivi kwa saa nzima. Hazimalizi hata urefu wa rula ya darasani. Hapo lazima atokee mmoja: "Sasa mwalimu, mbona taa inawaka hapo hapo?" Inawaka kwa sababu waya mzima umejaa elektroni tangu mwanzo, kama mpira wa kumwagilia bustani uliokwisha kujaa maji: ukifungua koki, yanayotoka mdomoni si yale yaliyoingia sasa hivi. Na kwenye umeme wa nyumbani, unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, elektroni hazifiki popote, zinacheza pale pale.

Kutokana na hayo kuna jambo ambalo mtu hulipita bila kulitazama. Waya ukitolewa leo kwenye ukuta wa nyumba iliyojengwa miaka ya 1970, shaba yake ni ile ile. Umeme umepita ndani yake miaka yote hiyo na shaba haikupungua, haikuhama, haikugeuka kitu kingine.

Kwenye mrututu mambo ni mengine. Humo shaba haikuachia elektroni ziwe za wote. Imetoa mbili na salfeti imezichukua, basi shaba imebaki ioni, yaani chembe yenye chaji, na chaji yake ni chanya mbili, salfeti ina chaji hasi mbili, na pande hizo zinavutana kwa nguvu mpaka kila ioni imekaa mahali pake ndani ya fuwele. Hakuna elektroni ya kuzurura, maana kila moja ina mwenyewe. Na ioni nazo, ingawa zina chaji, haziwezi kuondoka.

Jambo hili nalirudia mpaka koo linakauka. Ukisahihisha mitihani utakutana na jibu kwamba chumvi kavu haipitishi umeme "kwa sababu haina ioni." Inazo! Imejaa ioni tangu juu hadi chini, hakuna kitu kingine ndani yake. Chaji zipo tele, kinachokosekana ni nafasi ya kutembea. Ndiyo maana darasani kwangu swali letu limekuwa moja kwa kila kitu tunachokiweka kwenye sakiti: nani anatembea? Kwenye waya zinatembea elektroni. Kwenye fuwele kavu hatembei mtu.

Jaribio tunalifanya kwa vitu vya bei ndogo. Betri tatu za tochi, taa ndogo ya LED tuliyoing'oa kwenye tochi iliyokufa, na vijiti viwili vyeusi vya kaboni vilivyotolewa katikati ya betri kuukuu za redio na kuoshwa vizuri. (Kaboni hiyo ni grafiti, si metali, lakini ina elektroni za kuzurura na kwa hiyo inapitisha. Watoto wanaokariri kwamba "metali pekee ndizo hupitisha" hushtuka hapa, na ni vizuri washtuke mapema.) Nasisitiza LED badala ya glopu ya tochi kwa sababu mkondo unaopita kwenye maji mara nyingi ni mdogo mno kuwasha glopu, kisha mtoto anaandika kuwa maji ya chumvi hayapitishi. Na umeme wa ukutani hauguswi kabisa kwa kazi hii, betri tu.

Tunamimina kwenye bilauri maji ya betri, yale yanayouzwa vituo vya mafuta, ambayo yamesafishwa hadi yamebaki karibu bila madini. Tunazamisha vijiti. Giza. Tunaongeza sukari, ya kiwanda cha TPC hapa hapa chini ya mji, tunakoroga mpaka imeisha machoni. Bado giza: sukari imesambaa majini kama molekuli nzima zisizo na chaji. Tunabadilisha maji, tunadondosha punje za mrututu. Maji yanaanza kuwa na bluu hafifu na taa inaamka, kwanza kwa shida, kisha kadiri bluu inavyokolea nayo inang'aa zaidi. Hakuna aliyeongeza betri. Maji yamezifungua ioni kutoka kwenye fuwele, kila moja imezungukwa na molekuli za maji, na sasa zina njia: zenye chaji chanya zinaelekea upande hasi, zenye hasi upande chanya.

Lipo kosa la mawazo linalojitokeza hapo kila mwaka, nami nalipokea kwa heshima kwa sababu wakubwa walikuwa nalo. Mtoto anasema umeme ndio umeivunja chumvi kuwa ioni. Hata Michael Faraday, ambaye mwaka 1834 ndiye aliyetangaza majina ioni, anodi (ncha ya upande chanya) na kathodi (ncha ya upande hasi), alidhani mkondo wa umeme ndio unaozitenganisha. Ni Svante Arrhenius wa Sweden, katika tasnifu yake ya mwaka 1884 kule Uppsala, aliyeweka msingi wa wazo kwamba chembe zenye chaji zipo majini hata kabla ya kuunga betri. Watahini wake hawakuridhika, wakampa alama za chini. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa nadharia hiyo hiyo. Nawasimulia wanafunzi habari hii yote, maana wapo wanaokata tamaa kwa sababu ya alama ya muhula mmoja.

Baada ya vijiti vya kaboni tunaingia kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Tunachukua vipande viwili vya shaba, waya mnene uliovuliwa plastiki na kupondwa kuwa bapa, tunavisugua kwa msasa, tunavipima kwenye mizani ya maabara na kuandika uzito wa kila kimoja. Tunavizamisha kwenye mrututu uliokolea, kimoja upande chanya na kingine upande hasi, na kuweka mkondo wa nusu ampea. Kisha tunasubiri saa moja.

Watoto nawaambia wainame watazame. Dakika chache tu, kipande cha upande hasi kimevaa ngozi mpya ya waridi, haing'ai, ina chembechembe, na ukingoni ambako mkondo ni mkali zaidi inaota vijimiba. Ukipitisha kidole inapukutika kidogo. Kile cha upande chanya kinapoteza mng'ao, kinakwaruzika, kingo zinalika kana kwamba mtu anazipiga tupa. Saa ikiisha tunavisuuza taratibu kwa maji, kisha kwa spiriti, tunavikausha na kuvirudisha mizanini. Hesabu ya Faraday inasema nusu ampea kwa saa moja ihamishe karibu gramu 0.6 za shaba, na mizani, kama mkondo haukuyumba, inasema karibu hivyo hivyo: kimoja kimepungua, kingine kimeongezeka. Na maji ni ya bluu kama yalivyokuwa, maana kila ioni ya shaba iliyovuliwa majini upande hasi, nyingine imeingia kutoka upande chanya. Ukirudia kwa vijiti vya kaboni ndipo bluu inafifia, kwa kuwa hakuna shaba ya kujaza pengo. Upande chanya panatoka mapovu ya oksijeni, na maji yanabaki na asidi.

Hapo ndipo ninapotaka mwanafunzi afike. Kwenye waya shaba ilikaa na elektroni zikatembea. Kwenye mrututu shaba yenyewe imetembea, ikafika, ikachukua elektroni mbili, ikawa metali tena. Umeme ukipita kwenye metali, ukishazima hakuna dalili kwamba ulipita, ukiacha joto. Ukipita kwenye ioni, vitu vimehama na vipya vimezaliwa kwenye ncha zote mbili. Huo ndio mstari unaotenganisha namna hizi mbili. Habari ya nani anapitisha vizuri na nani vibaya inakuja baadaye. Tofauti hiyo ya wingi nayo ni kubwa kweli: shaba hupitisha umeme zaidi ya mara milioni 10 kuliko maji ya bahari. Lakini namba hiyo peke yake haimfundishi mtoto kitu. Gramu 0.6 zilizohama mbele ya macho yake zinamfundisha.

Tena waya wenyewe una historia humo. Shaba ya nyaya za umeme husafishwa kwa njia hii hii, kwenye madimbwi ya salfeti ya shaba na asidi, mpaka inafikia usafi wa asilimia 99.99. Malori yanayoshuka kutoka Zambia na Kongo kupitia Tunduma kwenda bandari ya Dar es Salaam hubeba vibao vya shaba vinavyoitwa kathodi, na huitwa hivyo kwa sababu ndipo shaba ilipoganda. Kabla ya kuwa waya uliotulia ukutani, shaba ile ilikuwa ioni ikitembea majini.

Sasa kisu cha baba. Chuma kikikutana na ioni za shaba majini, chuma kinatoa elektroni zake, ioni za shaba zinazipokea na kuganda juu ya makali kuwa shaba nyekundu, nacho chuma kinaingia majini kuwa ioni. Hakuna betri wala waya, na bado ni elektroni na ioni zinapokezana. Chokaa kazi yake ilikuwa kuifunga ile shaba isibaki huru majini, kwa kuwa shaba huru ndiyo inayounguza majani. Kisu chekundu maana yake bado iko huru. Na debe la bati lilikuwa mwiko kwa sababu hiyo hiyo: chuma kingekula dawa, na dawa ingekula debe. Niliposomea elektrolisisi, yaani kazi hii ya kupitisha umeme kwenye ioni, sekondari nilirudi likizo nikamweleza baba habari ya elektroni. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kumbe ndivyo," akaniomba nimweleze tena na chokaa inafanyaje. Tulikaa kwenye kahawa mpaka jua likazama. Sijui kama nimewahi kufundisha kipindi kizuri kuliko kile.

Wasomaji wenye mrututu nyumbani wanaotaka kujaribu wawe waangalifu. Ule mwekundu haufai, ni oksidi ya shaba na haumumunyiki majini. Tafuteni fuwele za bluu. Msionje, osheni mikono, na msimwage mabaki kwenye mfereji, kwa sababu shaba huua samaki na viumbe vingine vya majini. Sisi tunatia misumari kwenye maji yaliyobaki na kuyaacha mpaka bluu yote imekwisha.

Kuna njia ya pili ya kuzifungua ioni, nayo ni moto. Shuleni hatuiwezi, chumvi ya mezani inayeyuka kwenye nyuzi 801. Lakini Humphry Davy aliiweza Uingereza mwaka 1807: alipitisha umeme kwenye potashi iliyoyeyuka akapata potasiamu, metali ambayo hakuna aliyewahi kuiona, na siku chache baadaye akapata sodiamu. Sufuria zetu za alumini zimetoka kwenye njia hiyo hiyo, iliyogunduliwa mwaka 1886 na Hall wa Marekani na Héroult wa Ufaransa kila mmoja kwake: oksidi ya alumini inayeyushwa ndani ya madini yaitwayo kriolaiti kwenye joto la nyuzi 950 na ushee, umeme unapitishwa, alumini inatua chini. Na ukitaka kuona uji wa ioni uliopikwa na ardhi yenyewe, uko mkoa jirani. Lava ya mlima wa volkano Ol Doinyo Lengai ni kabonati za sodiamu, kalsiamu na potasiamu zilizoyeyuka, nyuzi 500 hadi 600 tu, baridi kuliko lava za volkano nyingine zote. Moja ya madini yake linaitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Huwa nawaambia wanafunzi kwamba lava hiyo wakiipitishia umeme zitatembea ioni, na ikishapoa ikaganda watakuwa na jiwe lisilopitisha.

Joto pia linazitofautisha namna hizi mbili kwa kuzielekeza pande tofauti. Waya wa shaba ukipanda nyuzi moja, ukinzani wake unaongezeka kwa takriban asilimia 0.4, kwa sababu atomi zinatetemeka zaidi na kuzizuia elektroni. Maji ya mrututu yakipanda nyuzi moja, yanapitisha zaidi kwa asilimia 2 hivi, kwa kuwa ioni zinapata wepesi wa kwenda. Ukikuta kitu kigeni na hujui ndani yake nani anatembea, kipashe moto kidogo utazame sindano ya ammita, kile kipimo cha mkondo, inaelekea wapi. Haitoshi kuhukumu kila kitu, lakini kati ya metali na maji ya chumvi inatosha.

Elimu hii imenifaa hata nje ya darasa. Nyumba yangu iko Pasua, chini kwenye joto, ambako kiangazi udongo unapasuka. Fundi wangu wa umeme alikuja Februari moja kupima eathi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, na namba ya ukinzani ikawa kubwa kuliko alivyotaka. "Dada, udongo umekauka," alisema, "tutie mkaa na chumvi, tumwage maji." Nilimuuliza kwa nini chumvi. Akajibu kuwa ndivyo walivyofundishwa, na kweli inasaidia.

Tukachuchumaa pale kwenye shimo tukazungumza. Mpaka kwenye eathi rodi, ile fimbo ya metali iliyochomekwa ardhini, zimetembea elektroni. Kuanzia hapo kwenda ardhini zinapaswa kutembea ioni, kwenye unyevu ulioko katikati ya punje za udongo. Udongo mkavu una chumvichumvi zake, ila zimefungwa, sawa na fuwele kavu. Kwa hiyo kati ya vile vitu viwili alivyotaja, maji ndiyo yanayotangulia. Chumvi bila maji haifanyi kazi. Na chumvi ina gharama: masika inaisafirisha na kuipeleka chini, na kabla haijaondoka inaharakisha kutu kwenye rodi, kwa sababu pale metali inapopakana na ioni ndipo vitu huhama na kugeuka. Alifikiri kidogo akaniambia amewahi kung'oa rodi iliyotiwa chumvi akaikuta imekonda kiunoni.

Hatukutia chumvi. Tuliongeza rodi ya pili, ndefu, ikafika kwenye udongo ambao hata Februari una unyevu, tukaziunganisha kwa waya wa shaba. Na tukakubaliana kwamba kipimo cha eathi ya nyumba hiyo kitachukuliwa kila mwaka mwisho wa kiangazi, kabla mvua za kwanza hazijanyesha. Cha Aprili, udongo ukiwa umeloa, kingetupa namba nzuri ambayo Februari haipo.